Mitamba Kumi na Wanne Kabla ya Aprili Mosi

Jumatatu, 9 Machi 2015

Barua ya kiwanda cha maziwa imefika. Nimeisoma nimesimama mlangoni, mabuti yana matope, kabla Con hajatokea. Zimebaki lita elfu saba na mia mbili za mgawo wetu. Siku zimebaki ishirini na mbili.

Aprili mosi mgawo unakufa! Miaka thelathini na moja wakubwa wa Ulaya kule Brussels wanatupimia maziwa kama mganga anavyompimia mgonjwa dawa, na ukizidisha, faini. Kuanzia siku hiyo kila mtu akamue anavyoweza. Nilikuwa na miaka ishirini na sita walipotufunga. Sasa nina hamsini na saba na nusu ya magoti yangu yamekufa, lakini nimefika!

Shida ni moja. Ng'ombe hawasomi barua. Huku kwetu Cork wanazaa Februari na Machi, nyasi zinapoamka, kwa hiyo maziwa yanafurika wakati mgawo wa mwaka unaishia.

Con kaipitia barua akinywa chai. Hakuketi. Akasema tukizidisha tena, tukapigwa faini kama mwaka juzi, mitamba wangu wote kumi na wanne wanakwenda mnadani wiki ya baada ya Pasaka.

“Na tusipozidisha?”

“Tutazidisha.”

Ndiye kaka yangu huyo. Shamba ni letu wawili, nusu kwa nusu, hajaoa na mimi sijaolewa, kwa hiyo hapa halifanyiki jambo mpaka wote wawili tuwe tumechoka kubishana. Nimemshika neno lake. Tumepeana mkono juu ya meza, kama wafanyabiashara. Tusipozidisha, mitamba wanabaki. Kasema sawa. Kaongeza kwamba Brussels watabadili mawazo saa ya mwisho, mtaona.

Alhamisi, 12 Machi

Wa kwanza kazaa! Philomena. Ndama jike, mweusi, masikio marefu kupita mwili. Saa moja asubuhi, bila msaada, kwenye majani makavu. Nimelia kidogo. Hakuna aliyeniona ila mbwa.

Con kachungulia. “Nambari mia nne na tatu kazaa,” akasema.

“Philomena kazaa.”

“Kitu cha mnadani hakipewi jina, mdogo wangu.”

Kila mtamba nimempa jina la shangazi au mama mdogo. Tulikuwa nao kumi na watatu, wote marehemu, wote wenye hasira. Philomena, Attracta, Dympna, Assumpta, Hanora — wanafanana nao hasa, hata kutembea. Wa kumi na nne sikumpa. Nimeishiwa shangazi. Jina la mama, Johanna, lipo, lakini jina la mama haliendi mnadani hata kwa mzaha.

Tena niandike haya, nisije nikasahau nani wa kulaumiwa. Mitamba hawa walipaswa kuzaa APRILI. Nilipanga kila kitu: mhimilishaji, yule wa mbegu za fahali, aje mwisho wa Juni, miezi tisa na siku kumi, Aprili mosi imepita, kila tone la maziwa yao ni letu. Lakini Jumapili moja mwanzoni mwa Juni, Con alikuwa na redio sikioni, mpira wa magongo, Cork wanacheza. Akapita lango la malisho ya mitamba na hakulifunga. Fahali wetu, tunayemwita Askofu, alikuwa upande wa pili. Askofu hakusubiri kualikwa. Nilipofika nikapiga kelele, Con akanijibu: “Mwache, keshaanza.”

Keshaanza! Na Cork wenyewe walishinda, kwa hiyo hata kujuta hakujuta.

Jumamosi, 14 Machi

Attracta na Dympna wamezaa, saa moja wametofautiana. Dympna kanipiga teke la paja. Shangazi Dympna naye alikuwa hivyo hivyo.

Tumekubaliana (saa mbili za kubishana): kuanzia leo tunakamua mara moja tu kwa siku, asubuhi. Ng'ombe akikamuliwa mara moja anapunguza maziwa mwenyewe, bila madhara. Con hapendi. Anasema jioni isiyo na kukamua ni kama Jumapili isiyo na misa. Saa kumi na moja nimemwona kasimama kwenye mlango wa chumba cha kukamulia, mikono mfukoni, hajui aende wapi. Nikampa mkate wa magadi na jemu. Akala vipande vinne.

Jumanne, 17 Machi

Mtakatifu Patrick. Misa, majani ya klova kwenye koti kama ilivyo desturi ya siku hii, maandamano ya matrekta mjini. Matrekta kumi na moja na mvua moja, haikukoma. Con kaendesha letu la zamani la bluu. Kapigiwa makofi. Kajifanya hakusikia.

Kurudi nyumbani tumemkuta Assumpta kazaa pacha! Madume wawili. Anawaangalia kwa mshangao kama mtu aliyeletewa chakula cha jirani.

Ndama wote sasa wanakunywa maziwa halisi, hakuna ya unga. Kila ndoo inayoingia tumboni mwa ndama haiingii kwenye tangi. Wanenepe tu, mabwanyenye hao.

Alhamisi, 19 Machi

Leo ilikuwa zamu yetu kutembelewa na kundi letu la wakulima. Wakulima tisa kwenye malisho yangu na mabuti yao safi, wakiangalia nyasi zangu kama madaktari wakiangalia ulimi. Hivyo ndivyo tunavyofanya kila mwezi, tunatembelea shamba la mmoja na kumwambia ukweli mbele ya wote. Nililala vibaya jana kwa hofu. Nilipiga deki hadi njia ya ng'ombe.

Sorcha, mshauri wetu, msichana wa miaka ishirini na nane, kaitupa fremu yake ya chuma kwenye nyasi, kakata zilizomo, kapima. Kisha akatangaza: nyasi za Noreen ndizo bora katika kundi zima mwezi huu. Bora! Nimeangalia chini kama bibi harusi.

Denis Hurley hakufurahi. Ndiye jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Ana ng'ombe mia moja na tisini, na chumba kipya cha kukamulia chenye taa kama uwanja wa ndege. Akasema nyasi nzuri ni nzuri, lakini nyasi hazikamuliwi. Akasema Aprili mosi mwenye ng'ombe arobaini na nane, yaani sisi, atakuwa na bustani, si shamba. Watu wakacheka.

Sorcha akamjibu taratibu. Mgawo ukifa, akasema, kila mtu Ulaya nzima atakamua zaidi, na bei itashuka. Hapo haitaulizwa una ng'ombe wangapi. Itaulizwa lita moja imekugharimu nini. Anayegeuza nyasi zake mwenyewe kuwa maziwa atasimama, anayenunua chakula cha magunia kulisha kundi kubwa atayumba.

“Mimi siyumbi,” Denis akasema.

“Debe tupu haliachi kuvuma,” Con akasema, kwa sauti ya kusikika. Kisha akageuka kuangalia ua wa miti, kana kwamba ni ua ndio uliosema.

Baadaye Sorcha alimuuliza: Mzee Con, na wewe unaonaje, mitamba kumi na wanne hawa si mwanzo mzuri? Con akasema yeye amewahi kuona mitamba kabla ya leo. Ndilo jibu lake lote.

Ijumaa, 20 Machi

Jua limepatwa leo asubuhi, ila kwetu mawingu yamelipata kabla ya mwezi. Giza kidogo, ndege wakanyamaza, Hanora akazaa palepale. Con kasema hata jua sasa lina mgawo.

Zimebaki lita elfu tatu na mia tano.

Jumapili, 22 Machi

Nimekuwa nikitafuta mpini wa pipa la kusukia siagi kwenye kabati la chini ya ngazi. Sikuupata. Nilichopata ni kalenda ya mwaka 1983, imekunjwa, nyuma yake kuna mchoro wa penseli. Chumba cha kukamulia. Nafasi kumi na mbili, shimo katikati, mlango wa kusini ili jua la asubuhi liingie. Pembeni pameandikwa “ng'ombe 60”. Mwandiko wa Con.

Sikujua. Miaka yote sikujua!

Nimekaa pale sakafuni. Mwaka 1983 ndio mwaka ugonjwa ulipopita zizini kwetu na wakaguzi wakachukua nusu ya kundi. Con alikuwa na miaka thelathini na minne. Tungenunua wengine, tungepanda tena. Kisha mgawo ukaja, na kila mtu akagawiwa kwa kipimo cha maziwa aliyopeleka mwaka uleule, 1983. Sisi tukapimwa tukiwa tumelala chini. Denis, baba yake alikuwa na mwaka mzuri. Hiyo tu ndiyo tofauti kati ya bustani na shamba.

Nimeweka kalenda mezani wakati wa chakula, kando ya viazi. Con kaiangalia muda mrefu. Kasema mlango ule ungekuwa mbaya, upepo wa kusini ungeleta mvua ndani. Akaikunja akaweka mfukoni. Akaomba siagi.

Namhurumia mpaka naona hasira.

Jumatano, 25 Machi

Kumi wamezaa. Ndama wamelewa maziwa, hawataki tena. Tangi letu la zamani, lita elfu moja na mia nne tu, linajaa haraka. Kumwaga simwagi. Mama alisema anayemwaga maziwa mtaroni ataomba maji kwa jirani. Basi nimetoa mashine yake ya kutenga malai, yale mafuta ya juu ya maziwa, na pipa la siagi la mbao, na Con kachonga mpini mpya kwa tawi la mti wa mlozi-pori. Hakuombwa. Niliukuta tu umesimama nje ya mlango.

Leo tumesukasuka kwa mara ya kwanza tangu mama afariki. Sheria ni ileile: atakayeingia nyumbani siagi ikisukwa lazima ashike mpini, na haondoki mpaka siagi itoke. Akiondoka kabla, anaondoka na bahati ya siagi ya mwaka mzima, na wote mtaani watajua ni nani.

Denis alikuja kuazima kamba ya kuzalishia. Aliona pipa kupitia dirishani. Akabaki nje! Alizungumza nami dirishani robo saa nzima, mvua ikimnyeshea, mtu wa ng'ombe mia moja na tisini, anaogopa mpini. Nikampitishia kamba dirishani. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Siagi imetoka baada ya dakika ishirini na tano. Ya njano kama ua la mwiba. Con kaila kwa kijiko.

Jumamosi, 28 Machi

Timmy Joe kaja na lori la maziwa saa tatu asubuhi. Kafunga mpira wa kunyonyea kwenye tangi, kavuta, mita yake ikasoma, kanipa karatasi. Nimekaa chini kupiga hesabu mara tatu. Con kapiga mara moja, kichwani, kapata vilevile.

Zimebaki lita sitini.

Sitini! Ng'ombe wawili na paka.

Kwa hiyo ni hivi. Lori likija Jumanne mchana, kama ratiba yake inavyosema, mita itaandika tarehe 31, na tutakuwa tumezidisha kwa zaidi ya lita elfu. Faini, na mitamba mnadani. Lori likija Jumatano asubuhi, mita itaandika Aprili mosi, na hakuna dhambi tena. Nikilikataa Jumanne, zamu inayofuata ni Ijumaa, na tangi haliwezi, litamwagika, na maziwa ya siku sita hakuna anayeyapokea.

Nimepiga simu kiwandani. Msichana mpole. Akaniambia mama yangu, wilaya nzima imeomba Jumatano. Orodha ya Jumatano imejaa tangu mwezi jana. Denis Hurley ndiye wa kwanza kabisa kwenye orodha.

Bila shaka.

Nilimwomba Timmy Joe mwenyewe, kabla hajaondoka, atupite Jumanne arudi Jumatano. Ni mtu mwema, ana tumbo la mtu mwema. Akasema dada Noreen, ningependa, lakini lori linaripoti lenyewe ofisini, kila nikisimama, kila nikipita. Nikipita bila kuchukua, niwe na sababu ya kuandika. Na huruma si sababu, hakuna kisanduku chake kwenye fomu.

Con alikuwa amesimama hapo. Nilidhani atasema “nilikuambia”. Akaenda zake uani. Ingekuwa afadhali aseme.

Jumapili, 29 Machi

Jumapili ya Matawi. Saa zimesogezwa mbele. Con kasema sasa wamechukua hata saa. Ng'ombe hawakubali, wameng'ang'ania saa yao ya jana, na mimi niko upande wao.

Concepta na Bernadette wamezaa. Wamebaki wawili: Perpetua, na yule asiye na jina.

Nimeomba kanisani. Ninaona haya kuandika nilichoomba. Niliomba lori lipate pancha. Ndogo tu, lisiumize mtu.

Jumatatu, 30 Machi

Tangi limefika lita mia tisa na tisini. Kesho asubuhi nitakamua mia tano hivi. Haitatosha, tisini zitakosa pa kukaa.

Nilipotoka kumpa Perpetua maji (kazaa, dume, salama) nimemkuta Con uani na madebe. Yale madebe ya alumini ya zamani, ya enzi za kupeleka maziwa kwa gari la farasi! Sita. Yanang'aa. Kayasugua mwenyewe kwa mchanga na soda mpaka unaweza kujitazama humo ukinyoa ndevu. Yalikuwa wapi? Kasema yalikuwepo. Ya nini? Kasema ya kesho, maziwa ya juu ya tangi, tuyatenge malai, tusukasuke, usimwage.

“Lakini lori linakuja kesho, Con. Litachukua yote. Hata hayo ya juu.”

“Mimi sijasema lori litachukua nini,” akasema. “Nimesema usimwage.”

Wazee hawa wana namna yao ya kutoa habari, kama kuku anayeficha yai.

Jumanne, 31 Machi

Niandike kwa mpangilio, ingawa bado nacheka.

Asubuhi nimekamua. Tangi likajaa hadi kwenye mfuniko, madebe mawili yakajaa pia. Nikatenga malai. Con akasema leo tusukasuke mchana, sio asubuhi. Kwa nini? Kasema mgongo unamuuma asubuhi. Mgongo wa Con haujawahi kujua saa. Lakini nilikuwa na mawazo yangu, sikubisha. Kosa la kwanza maishani.

Saa nane kasoro nikasikia lori kwenye kilima. Con akawasha jiko, akavuta pipa katikati ya jikoni, akaanza kusukasuka, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima.

Timmy Joe huwa anaingia kwanza kunywa chai, kisha anafunga mpira. Miaka kumi na sita hajabadilisha. Akasukuma mlango, akaona pipa. Akasimama mguu mmoja ndani, mmoja nje.

“Mungu aibariki kazi,” akasema, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mtego.

“Ingia, ingia,” Con akasema. “Au unataka kuondoka na bahati yetu?”

“Mzee Con, nina tangi lenu na jingine moja, halafu nirudi kiwandani. Niko barabarani tangu saa kumi alfajiri.”

“Dakika ishirini tu. Jumatano ilitoka kwa dakika ishirini na tano, na dada yangu ndiye alikuwa anasukasuka, mikono kama vijiti.”

Mimi? Vijiti? Nikamimina chai. Timmy Joe akavua koti. Mama yake ni wa Coolea, kijiji kinachoshika mila za kale, hawezi kuuchezea mpini. Akashika.

Dakika ishirini. Hakuna. Dakika arobaini. Chai ya pili, mkate wa matunda. Timmy Joe anatoka jasho, pipa linalia chwapu-chwapu kama siku ya kwanza, hakuna hata chembe. Con akachukua zamu, akasukasuka kama anayembembeleza mtoto mchanga. Nikachukua zamu mimi. Nikaweka kiganja kwenye mbao.

Baridi. Baridi kama kaburi! Malai hayatoi siagi yakiwa baridi hivyo, kila mtu anajua, Con anajua kuliko wote, mama alikuwa akitupiga kofi kwa kusahau kuyapasha.

Nikamwangalia. Akaangalia picha ya Papa ukutani.

Nikatoka nje, nikasema nakwenda kuona ndama. Nikaenda kisimani. Kamba ilikuwa imelowa, na debe dogo la malai limepinduliwa kwenye jiwe, linachuruzika. Alikuwa ameyazamisha malai kisimani asubuhi yote! Con! Aliyesema tutazidisha! Aliyesema mnadani! Nimesimama pale nimeshika kamba ile, nacheka na kulia pamoja, mbwa ananiangalia.

Nikarudi ndani, nikakata mkate zaidi.

Saa tisa na dakika ishirini Timmy Joe akatazama saa yake. Kisha akatazama pipa. Kisha akamtazama Con, muda mrefu sana.

“Saa zangu zimekwisha,” akasema.

Dereva wa lori ana saa zake za kisheria, kisha lazima alale. Sheria hiyo nayo ni ya Brussels! Akisimama kuvuta maziwa yetu sasa, hafiki kiwandani ndani ya saa zake. Akatoa fomu yake mfukoni, akailaza juu ya pipa, akaandika kwenye kisanduku: saa za dereva zimekwisha, tangi halikuchukuliwa, wa kwanza kesho.

“Wa kwanza kesho?” Con akauliza.

“Aliyerukwa anakuwa wa kwanza. Kanuni.”

“Kabla ya Denis Hurley?”

“Kabla ya Denis Hurley.”

Con akasema pole sana kwa usumbufu. Pole sana! Uso kama wa padri. Akachukua birika la maji moto, akalimimina kidogo kidogo kwenye pipa, akamwambia Timmy Joe haya basi, piga mara chache tu, usiondoke na bahati yetu. Dakika tano. Siagi ikatoka. Timmy Joe kaondoka na nusu kilo ndani ya karatasi, anatikisa kichwa, mabega yanamcheza mpaka kwenye lango.

Tulipobaki wawili nilimwambia: “Kisima kina maji baridi mwaka huu.”

“Kila mwaka,” akasema.

Jumatano, 1 Aprili 2015

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu. Naandika jikoni nimesimama.

Con kaniamsha kwa kugonga mlango. Kasema redio imetangaza wameongeza muda wa mgawo mpaka Septemba, Brussels wamebadili mawazo. Nimekaa wima kitandani. Kisha nikamsikia kwenye ngazi. Anacheka! Sijamsikia akicheka hivyo tangu Askofu alipomrusha mkaguzi kwenye hodhi la maji. Siku ya wajinga. Nitamlipa, hata kama itachukua mwaka.

Kisha akaenda zizini na hajarudi.

Lori limeingia uani sasa hivi. Timmy Joe kapiga honi mara mbili na kaonyesha saa yake dirishani, anacheka. Anafunga mpira. Mashine imeanza kunguruma. Karatasi itaandikwa leo, tarehe moja. Ng'ambo ya kijito taa za uwanja wa ndege zinawaka na Denis yuko langoni kwake, mikono kiunoni, anaangalia lori lililopaswa kuwa kwake. Nimempungia mkono. Sikuweza kujizuia.

Sijui bei itakuwaje. Sorcha anasema itashuka, na Sorcha hakosei sana. Huenda mwakani nitaandika hapa kwamba tulikuwa wajinga wenye nyasi nzuri. Lakini nyasi ziko nje, zinakua, na zangu ndizo bora katika kundi. Na juu ya meza hii, chini ya bakuli la sukari, kuna kalenda ya 1983. Kairudisha. Mlango wa kusini kaufuta kwa kifutio, kauchora upya upande wa mashariki.

Kelele zizini. Ni yule wa mwisho, asiye na jina, ameanza. Ndama ni mkubwa, najua kwa jinsi mtamba anavyonguruma. Namsikia Con akimsemesha, polepole, sauti ya chini aliyokuwa akitumia kwa mama siku zake za mwisho. Sasa ananiita.

“Noreen! Leta kamba! Haraka!”

Kamba iko kwa Denis! Hakuirudisha! Niende nimwite ng'ambo ile, na nilivyompungia —

Anaita tena. Timmy Joe kazima mashine, kasimama, anasikiliza na yeye.

“Noreen! Fanya haraka, bwana! Johanna hawezi peke yake!”